Kuku wa Mjomba Mathias

Ukimwona Nasri kwa mara ya kwanza utadhani umemkanyaga mguu. Ndivyo sura yake ilivyo, imenuna tangu asubuhi, na mimi Veneranda, mama yake mdogo niliyembeba mgongoni, nasema hivyo kwa sababu haki ya kusema ninayo. Ni fundi bajaji hapa Tabora, anafanyia kazi nyuma ya soko ninapouzia mchele wangu, na mikono yake imebarikiwa. Bajaji inaingia pale inakohoa, inatoka inaimba. Tatizo ni mdomo.

Mteja akisema, "Aa, hiyo bei ya Kiarabu bwana," basi, biashara imekwisha. Mwingine angecheka, angepunguza kidogo, maisha yakaendelea. Nasri anaweka spana chini, anajifuta mikono polepole, anamwambia mtu aondoke na bajaji yake akatengenezewe na Waafrika. Amepigana sana. Ameshawahi kulala mahabusu kwa kumng'oa jino mtu aliyemwita Mwarabu koko. Nilimpelekea uji kule, nikamkuta ananiambia jino lenyewe lilikuwa bovu, na kwamba yule mtu angepaswa kushukuru.

Namcheka, ndiyo, lakini najua kilichomfikisha pale.

Baba yake anaitwa Hilali, wa ile familia ya Kiarabu yenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Babu zao walikuja na misafara zamani, na mpaka leo wanaisimulia safari ile kama vile walishuka jana. Hilali na dada yangu Kabula walipendana wakati Kabula anauza karanga mbele ya duka lao. Tumbo lilipoonekana, Hilali akapanda ndege kwenda Maskati kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hajarudi. Aliacha jina tu: akizaliwa wa kiume aitwe Nasri. Kanisani tulimwandikisha Raymundi, lakini Nasri ndilo lililoshika.

Kaka yetu Mathias alipanda basi kutoka Ziba akaenda dukani kwa kina Hilali kuuliza, kistaarabu kabisa, mtoto wa dada yake ni wa nani. Wakamwacha amesimama barazani tangu asubuhi. Jua lilipokuwa kali akaomba maji, akaletewa kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa limetundikwa kwenye msumari nje, kwa ajili ya wabeba mizigo. Glasi zilikuwepo, aliziona kabatini. Akanywa, akalirudisha kopo kwenye msumari wake, akarudi nyumbani, na habari hiyo alimwambia mama yetu peke yake, naye mama akaninong'oneza mimi. Hasira ile ilikuwa ya haki. Ubaya ni mahali alipokuja kuitua.

Mtoto akazaliwa, mweupe, pua imesimama, nywele za kujiviringa. Kabula akabaki mjini kutafuta riziki, mtoto akalelewa na mama yetu kijijini, nje kidogo ya Ziba, kwenye boma la Mathias. Bibi alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote. "Huyu mume wangu hana hata ndama na anataka maziwa," bibi anasema. Mtoto anajibu, "Na wewe mke wangu huna hata jino na unataka nyama." Wanacheka mpaka bibi anakohoa. Wakati ule Nasri alikuwa na sura nzuri tu ya kawaida.

Darasani ndiko kulikoanza kumkunja. Siku moja mwalimu alifundisha misafara ya pembe na watumwa, jinsi Waarabu walivyopita na watu wetu shingoni minyororo. Mwalimu hakumtaja mtu. Lakini darasa zima liligeuka likamtazama Nasri, na yeye akawa anatazama mikono yake mwenyewe. Saa ya mapumziko wakamfunga kamba ya katani mguuni, wakamwambia atembee mpaka Bagamoyo na yeye aone ilivyokuwa. Alirudi nyumbani mguu umechubuka, hakulia. Bibi ndiye aliyelia.

Na huko kwa kina Hilali je? Sikukuu ya Idi Kabula alikuwa akimpeleka kusalimia, maskini dada yangu, kamvalisha viatu. Mashangazi wanamshika nywele kwa vidole kama wanakagua kitambaa, wanasema, "Hizi za mama yake hizi." Kijijini watoto wanamvuta nywele hizo hizo wanasema ni za baba yake. Chai alipewa uani na msichana wa kazi, watoto wengine wa ukoo wako sebuleni wanakula tambi. Akirudi nikimuuliza ilikuwaje, anasema tambi hapendi.

Yote hayo angeyabeba. Lakini bibi akafa.

Nasri alikuwa kijana tayari, ndevu zimeanza. Kwetu wajukuu wa kiume ndio wanaochimba kaburi la bibi yao, na wanachimba kwa utani, wanamsimanga marehemu kwamba amewaachia kazi. Nasri akashika jembe, akashuka shimoni na wenzake. Mathias akatokea kwenye ukingo, macho mekundu kwa kilio, akamwambia apande. Akampokonya jembe mbele ya watu wote. "Damu ya walionipa maji kwa kopo haichimbi kaburi la mama yangu," alisema. Watu hawakuelewa kopo gani. Nasri hakuelewa pia. Alichoelewa ni kwamba ametolewa shimoni, na hapo hapo akatembea mpaka barabarani, na kwa miaka mingi hakurudi Ziba. Nilimsema kaka yangu siku ile mpaka sauti ikanikauka.

Hivyo ndivyo tulivyompata fundi mwenye sura ya kununa.

Kisha akaja Recheli. Huyu ni binti wa mzee Gerson, familia ya Kimoraviani hapa hapa mjini, msichana mshonaji, mfupi, hana woga. Alileta bajaji ya kaka yake, akamtazama Nasri juu mpaka chini, akauliza, "Fundi, na hiyo sura nayo inalipiwa?" Nasri akaidondosha spana. Tangu hapo akawa anasingizia kwamba bajaji ile ina ugonjwa usioisha, ikawa kila wiki iko gereji. Nilimuuliza kama anatengeneza bajaji au anailea.

Mzee Gerson si mtu mbaya. Alimwita Nasri, akamkalisha, akamwambia, "Kijana wangu, rangi yako mimi hainisumbui. Ila sitoi binti kwa mtu aliyedondoka na mvua. Jumapili ya mwisho wa mwezi nataka nione wazee wako wa kiume wamekaa kwenye haya makochi. Mmoja tu anatosha, ila awe wako kweli." Nasri akasema ndiyo mzee. Nje akaniuliza mimi atampata wapi.

Alianza kwa ami yake Badri, kaka wa Hilali, pale dukani. Badri alimsikiliza huku anapima misumari. Akamwambia, "Mambo ya huko uswahilini kwenu siyajui mimi. Nenda kwa wajomba zako, hao ndio watu wako." Hakumwambia hata kaa. Nasri alipitia sokoni akanieleza, na kwa mara ya kwanza sikuwa na utani wa kumpa.

Akabaki Mathias. Nilidhani atakataa, lakini mapenzi yamenyoosha vichwa vigumu kuliko hicho. Jumamosi akavaa shati lililopigwa pasi, akanunua sukari, akanunua majani ya chai, akanunua kitenge cha wifi yangu Pelagia, mke wa Mathias, akapanda basi la Igunga, akashuka Ziba. Jioni amerudi, sura ndiyo ile ile. Nikamuuliza alipokelewaje.

"Vizuri sana," akasema. "Walinipa kiti. Wakanipa soda. Mjomba akaniambia karibu mgeni."

"Ukamweleza shida yako?"

"Nilimweleza. Akasema amesikia. Akanishukuru kwa sukari."

Niliweka kisahani cha mchele chini. Mtoto huyu bwana. "Wewe Nasri," nikamwambia, "nani alikutuma kwenda kwa mjomba wako na sukari? Umekwenda kama mgeni, ukapewa kiti cha mgeni na soda ya mgeni. Ulitaka nini tena?"

"Sasa ma'mdogo, niende mikono mitupu?"

"Nenda mikono mitupu, urudi na kuku."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Kumbe hakuwahi kuambiwa, au aliambiwa akiwa mdogo akadhani haimhusu. Kwetu mpwa haombi kuku kwa mjomba wake. Anaingia uani, anakamata anayemtaka, anatoka mbio. Mjomba anapiga kelele mwizi, mwizi, anamfukuza kidogo ili majirani waone, kisha anarudi anajigamba kwamba mpwa wake ana mbio za swala. Mjomba ambaye haibiwi anajiona kama mtu aliyesahaulika. Watoto wa dada zetu wengine wamemmaliza Mathias kuku miaka yote hii, na analalamika kwa furaha. Nasri peke yake ndiye hajawahi kumgusa hata kifaranga.

"Na akiniita mwizi kweli?" akauliza. Hapo hakuwa ananuna. Alikuwa anaogopa, ameiva masikio.

"Ndiyo utajua," nikamwambia. "Afadhali ujue."

Nikafunga biashara, kesho yake tukaenda wote, maana huyu ukimwacha peke yake atanunua tena kitenge. Tulifika asubuhi, tukasalimiana, wifi Pelagia akanipa karanga za kumenya. Mathias alikuwa amepeleka ng'ombe lamboni kunywesha. Nilikuwa nimemwelekeza Nasri sawasawa: msubiri mjomba arudi, akishakaa kwenye kiti chake, akiwa anakuona, ndiyo ukamate na ukimbie. Iba waziwazi. Nilirudia maneno hayo kwenye basi mpaka jirani yetu kwenye kiti akatugeukia.

Sasa sikilizeni alichofanya mtoto wa mjini. Aliona haya. Akaona ni utovu wa adabu kukamata kuku wa mtu mbele ya macho yake. Kwa hiyo mimi na wifi tukiwa tunamenya karanga, yeye akazunguka nyuma ya banda taratibu, akamshika mtetea mmoja mdogo, akamziba mdomo ili asipige kelele, akamfunika ndani ya koti, akapenya kwenye uzio wa minyaa, akashika njia ya Ziba anatembea kwa heshima zake. Yaani aliiba kweli. Kwa adabu yote, aliiba kama mwizi.

Vijana wa ulinzi wa kijiji walikuwa njiani, na mwezi huo watu walikuwa wameibiwa kuku sana. Wakamwona mtu mweupe asiyejulikana na mtu, koti limevimba juani, na koti linalia. Walipomuuliza kuku kamtoa wapi akasema kwa mjomba. Wakauliza mjomba gani. Akasema Mathias. Wakacheka. "Mwarabu gani ana mjomba huku?" mmoja akasema, akampiga kofi la mdomo.

Tulisikia kelele kwanza, kisha tukawaona wanaingia uani naye, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, mdomo unatoka damu, na watu wanafuata kila mmoja na fimbo yake. Karanga zilinimwagika zote. Nikasimama nikawaambia wamfungue, ni mtoto wetu huyo, mwanangu mimi, mwana wa Kabula. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, wewe ni wa mjini, kaa pembeni. Mwenye kuku ndiye atakayesema." Nikamwambia nitamchapa nimkumbushe mama yake. Hawakunisikiliza, wakamkalisha chini katikati ya uwanja.

Nimemwona Nasri akipigana kwa neno dogo kuliko kofi. Siku hiyo hata ngumi hakukunja. Alikaa pale vumbini na macho yake yako kwenye njia ya lambo, na nilimwelewa. Mwizi wa kuku kwetu anaweza asiione jioni, lakini sidhani kama hilo ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi.

Mathias akatokea nyuma ya ng'ombe wake, fimbo begani. Akasimama. Watu wakampisha. Kiongozi wa wale vijana akainua kuku juu, akasema, "Mzee Mathias, tumemkamata na huyu kuku wako. Anasema ni mpwa wako. Unamjua?"

Mathias akasogea. Akamchukua mtetea, akampima mkononi, akamgeuza akamwangalia chini ya mabawa. Nilitamani kumnyang'anya kuku huyo nimpige naye.

"Huyu kuku umemtoa wapi?" akamuuliza Nasri.

"Kwako."

"Nani kakuruhusu?"

Nasri akainua uso, na sasa hasira yake ikarudi, namshukuru Mungu, hasira yote ile aliyoimwaga ovyo kwa wateja wa bajaji. "Siombi ruhusa," akasema. "Mimi ni mtoto wa dada yako Kabula. Bibi aliyelala pale nyuma ya minyaa ni bibi yangu, na wewe ni mjomba wangu, upende usipende. Kuku wako nachukua."

Mimi namjua Mathias tangu ananipiga makofi kwa kumwaga maziwa, na sijawahi kuona kidevu chake kikicheza vile. Akawageukia wale vijana.

"Mfungueni. Huyu ni mwizi wangu." Kisha sauti ikapanda. "Na aliyempasua mdomo asogee nimwone. Nani kawaambia mpwa wangu anapigwa na watu wengine? Mimi nimekufa?"

Hakuna aliyesogea. Mpira wa baiskeli ulifunguliwa haraka kuliko ulivyofungwa, na wale vijana wakaanza kukumbuka shughuli zao. Mathias akamwinulia Nasri yule kuku usoni. "Na wewe. Kuku wote hawa, jogoo mkubwa yule pale anajitangaza kutwa nzima, unaniibia mtetea ambaye hajaanza hata kutaga? Na unamziba mdomo? Nani amekufundisha kuiba?"

"Ma'mdogo," Nasri akasema, akaninyooshea kidole. Nyoka huyu.

Mathias akaingia ndani. Wifi alikuwa anamwosha Nasri mdomo kwa maji ya chumvi, naye anapiga kelele kama mtoto. Kaka alipotoka alikuwa na jembe. Akamnyooshea Nasri mpini.

"Siku ile nilikunyang'anya," akasema. "Nilikuwa na hasira na watu wengine na nilikuwa nimefiwa na mama, lakini wewe hukuwa na kosa. Nilikukosea. Kaburi la bibi yako limeota majani. Nenda kapalilie."

Nasri alilipokea. Hakusema asante wala hakusema nimesamehe, na mimi sikumlaumu, neno kama hilo halitoki siku moja. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaanza kupalilia, na sisi tukamfuata. Mathias akajiketisha kwenye kivuli cha uzio akawa anatazama. Kusema ukweli fundi wangu wa bajaji jembe halijui. Anapiga udongo kama anatafuta boliti.

"Unalima kama Mwarabu," Mathias akasema.

Mungu wangu. Neno lenyewe lile. Nikaliangalia jembe mkononi mwa Nasri, nikapima umbali mpaka kwenye kichwa cha kaka yangu. Nasri akanyooka. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati, taratibu, kama anavyowafanyia wateja.

"Mjomba," akasema, "mimi niko juani nafanya kazi. Wewe umekaa kivulini unaamrisha. Sasa hapa Mwarabu nani?"

Mathias akakitazama kivuli alichokalia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mkono kifuani, na kikohozi chenyewe kilikuwa cha mama yetu kabisa. Wifi alicheka. Mimi nilikuwa nalia, sitaki kudanganya mtu. Nasri alisimama pale na mdomo wake uliopasuka, anajaribu kutocheka kwa sababu kidonda kinavutika, akashindwa.

Mathias akainuka, akaenda akachukua jembe la pili, akaanza kupalilia upande wa miguuni. Walikwenda hivyo mpaka wakakaribiana katikati.

"Huyo mzee Gerson," akauliza bila kuinua kichwa, "anatutaka lini?"

"Jumapili ijayo."

"Basi Jumamosi uje kwanza uibe yule jogoo, mchana, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Siendi ukweni na mpwa aliyeiba mtetea."